Njia ya Misafara, Njia ya Vigango

Jumapili, 27 Julai 2025. Mikumi

Mikumi haina kanisa la kale. Heri niliandike hili mwanzoni, maana wageni wakija tutashawishika kuwatungia historia isiyokuwepo. Mji wetu ni mtoto wa barabara ya Zambia: malori yenye tela, mafundi wa matairi, mama lishe, vitunguu vya Malolo kwenye ndoo, na tembo anayevuka lami huku abiria wa basi zima wamehamia upande mmoja na simu mkononi. Hifadhi ilitangazwa 1964. Hospitali ya Kanisa hapa mjini inaitwa Mtakatifu Kizito, naye Kizito na wenzake walitangazwa watakatifu kule Roma mwaka huohuo, tarehe 18 Oktoba.

Baada ya Misa ya pili Baba Paroko kanisimamisha nje ya ofisi. Kundi la mahujaji wa Jubilei litafika mwezi wa kumi. Siku moja watakwenda mbugani, hilo halina mjadala. "Sasa Mwalimu, siku zilizobaki tuwapeleke wapi? Halmashauri walei wanasema Bagamoyo." Nikamjibu kuwa Bagamoyo ni kuzuri, lakini kwa nini mtu atoke huku mpaka pwani akitafuta mwanzo wa imani, ilhali mwanzo huo ulipita uani kwake? Akacheka. "Basi andika. Ukurasa mmoja tu, usitupe somo la kidato cha nne."

Mwenyekiti wa vijana anataka maporomoko ya Sanje. Ni mazuri kweli, lakini hija si pikiniki.

Jumanne, 29 Julai

Nimekaa na vitabu, nachora ramani nyuma ya kalenda ya mwaka jana.

Usagara. Wazungu wa karne ya 19 walilitumia jina hili kwa milima karibu yote ya huku, tangu Ukaguru kaskazini mpaka bonde la Mkondoa na kuendelea kusini. Misafara iliyotoka Bagamoyo na Saadani kwenda Tabora na Ujiji haikuwa na budi kuikwea milima hii kabla ya kuteremkia Mpwapwa na Ugogo. Njia zilikuwa zaidi ya moja, na zilihama kufuata vita, njaa na hongo. Ya kaskazini ilipita Mamboya. Nyingine ilikata mbuga ya Mkata, ikaingia bonde la Mkondoa hapo ilipo Kilosa, ikaufuata mto kwenda juu. Burton na Speke walipita Usagara 1857, wakarudi 1859. Stanley aliivuka Mkata masika ya 1871 na kuilalamikia kurasa kwa kurasa: tope, maji, homa. Mbuga hiyohiyo leo mtalii anaipita kwenye gari lisilo na paa, chupa ya maji baridi mkononi, akitafuta simba.

Mwaka 1877 Alexander Mackay wa CMS, shirika la kimisionari la Anglikana kutoka Uingereza, alisimamia ukataji wa njia ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa. Juni 1878 Mapadre Weupe wa kwanza, wamisionari Wakatoliki, waliondoka Bagamoyo wakielekea bara, na Februari 1879 wawili wao, Padre Lourdel na Bruda Amans, wakawa wamefika Buganda. Tarehe 3 Juni 1886 Kizito, kijana wa miaka kama 14, alichomwa moto Namugongo, hukohuko Buganda, kwa imani yake.

Hapo nikaweka kalamu chini. Kila mwaka watu wa kwetu huchanga nauli kwenda Namugongo. Wanasafiri mchana na usiku, wanarudi na rozari na chupa za maji ya ziwa la mashahidi. Sina neno juu ya hilo, hata mimi nimekwenda. Lakini habari iliyomfikia Kizito ilikwea kwanza milima ya Usagara, na ilikwea kichwani mwa mpagazi. Altare ya safari, divai ya Misa, vitabu, vitambaa vya hongo, baruti: vyote vilifungwa mizigo ya frasila mbili hivi, na aliyeibeba alikuwa Mnyamwezi au mwungwana wa pwani ambaye vitabu mara nyingi havimtaji. Stanley kawataja wanyapara wake akina Bombay, kamtaja na mbwa wake Omar. Wengi wa waliobeba wamebaki kuwa idadi tu.

Ukurasa wa Baba Paroko umepata sentensi yake ya kwanza: njia ya Namugongo ilipita kwetu.

Alhamisi, 31 Julai. Kilosa

Basi dogo la asubuhi, vumbi mpaka kwenye kope. Tulipofika kijiji cha Ulaya kondakta akapaza sauti, "Wa Ulaya washuke!" Kijana mwenye kuku wawili akashuka bila pasipoti. Utani huu ni mkongwe kuliko basi, na watu bado wanaucheka.

Nimefikia kwa mama mdogo, Magomeni. Yeye historia yote ya Kilosa huigawa kabla na baada ya mafuriko. Mkondoa ulipasua tuta mwishoni mwa 2009, na mwanzoni mwa 2010 maelfu ya watu walikuwa kwenye mahema, naye akiwa mmoja wao. Nilipomweleza kazi iliyonileta akanitazama kama mtu anayeuliza bei ya kitu kilichokwishauzwa. "Mwanangu, kabla hujauliza kanisa liko wapi, uliza maji yalifika wapi." Jioni nzima nimelitafakari jibu lake. Karatasi haivumilii tope. Cheti cha ndoa yake mwenyewe kilikwenda na maji.

Kilosa ni mji wa reli. Wajerumani walianza kujenga kutoka Dar es Salaam 1905, wakafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, na katikati hapo walichagua bonde la Mkondoa. Kwa uchaguzi huo walimaliza kazi ya mpagazi katika njia hii, na waliiacha Mamboya pembeni milimani, ambako iko mpaka leo. Halafu mkonge ukaja Kimamba na mashamba ya jirani, pamoja na vibarua kutoka kila kona ya nchi. Ndiyo maana ukisikiliza watu wakizungumza sokoni Kilosa utahesabu makabila mpaka uchoke. Tawi la reli kwenda Mikumi na Kidatu lilijengwa miaka ya 1960. Mwanangu anayesoma Dodoma hajui kama Mikumi iliwahi kusikia honi ya treni.

Niwaonye mahujaji: Kondoa iliyo hapa karibu si ile ya michoro ya mapangoni. Hii ni ya mto Mkondoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Mfaransa mmoja, Kapteni Bloyet, aliweka hapo kituo cha ile Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika iliyoasisiwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji mwaka 1876. Kwa jina ilikuwa jumuiya ya sayansi na ya kupinga utumwa. Kongo wanajua iliishia wapi. Baadaye eneo hili likawa mpaka wa hofu kati ya Wajerumani na Wahehe wa Mkwawa, ambao tarehe 17 Agosti 1891 walikuwa wamelimaliza jeshi la Zelewski kule Lugalo. Agosti 1916 majeshi ya upande wa Waingereza yakaiteka Kilosa. Mji mdogo, lakini kila jeshi limepita.

Ijumaa, 1 Agosti. Kilosa

Leo umetimia mwaka tangu Rais Samia azindue treni ya umeme ya kwenda Dodoma. Inatoboa milima ya Kilosa kwa mahandaki na kupita kasi. Nimeiona ikipita. Mama mdogo anasema haina muda wa kukusalimia.

Asubuhi Ilonga. Watu wanaijua kwa utafiti wa mbegu, tangu pamba ya enzi ya Mwingereza mpaka mahindi na mikunde ya leo. Wachache wanakumbuka kuwa ni misheni ya zamani ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, wale waliofika Bagamoyo 1868, wakapanda Mhonda katika milima ya Nguru 1877, kisha wakaja Morogoro 1882 na kusambaa. Walifanya kazi kwa kuhamisha familia: vijana waliokombolewa utumwani walilelewa Bagamoyo, wakaozeshwa, wakapelekwa bara kuanzisha vijiji vya Kikristo. Mhonda ilianza hivyo. Sijui kama tumewahi kukaa chini na kulifikiria jambo hili mpaka mwisho. Waasisi wa parokia hizi hawakuwa wazawa wa mahali hapo, na hawakuwa Wazungu. Walikuwa watu waliouzwa, wengine hawakumbuki kwao, wakapewa jembe, mke, mume na jina la mtakatifu, wakaambiwa hapa ndipo kwenu sasa.

Nimezungumza na katekista mstaafu aliyetumika parokia kadhaa, nami nilitaka habari za majengo. Yeye akanipeleka kwingine. "Mwalimu, jengo ni matofali tu. Kanisa likibomolewa, tofali la zamani linahamia jiko la padre, jiko likibomoka linahamia choo. Wewe tafuta daftari la ubatizo." Akanieleza kuhusu parokia moja (nilimkataza asinitajie jina) ambako madaftari ya kwanza yaliwekwa kwenye kabati lililokuwa limegusa ukuta, mchwa wakapanda kimya kimya, na siku mtu alipokuja kutafuta cheti cha babu yake walifungua jalada zuri la ngozi, ndani udongo.

Daftari la ubatizo ni nini? Safu chache: jina, jina la baba na mama, mahali, tarehe, msimamizi, padre. Pembeni, kwa wino mwingine, kipaimara na ndoa. Nimefundisha historia maisha yangu yote kwa vitabu vya wapelelezi na magavana, vitabu ambamo mtu wetu ni "mpagazi", "mwenyeji", "kibarua". Katika daftari mtu huyohuyo anaandikwa kwa jina lake, kwa mara ya kwanza pengine katika ukoo wake wote, na ameandikwa kwa sababu yeye mwenyewe amekuja kuandikwa. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko mnara wowote wa kengele.

Jumamosi, 2 Agosti. Njiani, halafu Berega

Rudewa, Msowero, Dumila, kisha Magubike na kupinda. Lami imetuachia mgongo salama mpaka tulipoiacha.

Msowero ni mji mdogo wa kando ya barabara. Basi lilisimama kidogo, watu wakanunua ndizi. Hakuna mtoto wa Kitanzania aliyemaliza shule bila kuliandika jina hili katika mtihani. Tarehe 29 Novemba 1884 Carl Peters, kijana wa miaka 28 aliyekuja kinyemela na wenzake Jühlke, Pfeil na Otto, alimwekesha Mangungo wa Msowero alama kwenye karatasi ya Kijerumani. Karatasi ilisema Mangungo anaitoa nchi yake yote kwa jumuiya ya Peters, itumiwe apendavyo mgeni. Februari 26 ya mwaka uliofuata mkutano wa Berlin ulifungwa. Februari 27 Kaisari Wilhelm I akatia saini hati ya ulinzi. Sultani Barghash wa Zanzibar alipopinga, ikafika Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake.

Kuna jambo moja kwenye karatasi hiyo ambalo nilikuwa nawasomea wanafunzi kila mwaka, na kila mwaka darasa lilicheka. Karatasi inadai kwamba Mangungo, alipoulizwa, alisema hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar, na kwamba hata hajui kama kuna Sultani. Msowero! Mwendo mfupi kutoka njia ambayo misafara ilipita ikipeperusha bendera nyekundu ya Sultani, ikiuza kaniki na merikani zilizotoka Zanzibar, ikizungumza Kiswahili. Mtu wa Msowero asiyejua kuna Sultani Zanzibar ni sawa na mtu wa Mikumi leo asiyejua kuna Dar es Salaam. Sentensi ile aliiandika mtu aliyekuwa akiwaza wasomaji wa Berlin. Kwa ushahidi wa udanganyifu mimi sihitaji zaidi ya hiyo.

Nyuma yangu walikuwa kijana na mzee. Kijana akasema Mangungo ndiye aliyeuza nchi. Mzee akageuka polepole. "Aliuza nini? Ardhi ya ukoo mtu mmoja anaiuzaje? Halafu, karatasi ya Kijerumani angeisomaje? Wewe hapo na simu yako, ule mkataba uliobonyeza 'nakubali' umeusoma?" Basi zima likaangua kicheko. Kijana akanyamaza, ila akaendelea kutikisa kichwa. Wanasiasa wetu nao wakitaka kutukana mkataba mbaya wa madini huuita wa Kimangungo, na hakuna anayeuita wa Kipetersi. Aliyedanganywa ndiye amebaki kuwa jina la aibu, aliyedanganya yumo kwenye kitabu cha kiada akiwa na picha na masharubu.

Nitaandika Msowero kwenye ukurasa, ingawa si kanisa. Baba Paroko atauliza kulikoni. Nitamjibu kwamba wamisionari walikuwa wametangulia huku kabla ya bendera, na kwamba bendera ilipofika walifanya kazi chini yake. Mahujaji wasipoambiwa yote mawili tutakuwa tumewapeleka matembezi.

Jumapili, 3 Agosti. Berega

Asubuhi mapema nilihudhuria ibada bila padre kigangoni. Baadaye mwenyeji wangu, mwalimu mwenzangu wa zamani ambaye ni Mwanglikana, akanichukua kwao. Mimi "Tumsifu Yesu Kristo" imenikaa mdomoni, wao "Bwana asifiwe", basi tukasalimiana kila mtu na yake na chai ikaja.

Huku ndiko CMS ilikoshika mizizi miongoni mwa Wakaguru. Hospitali ya Berega ni ya Dayosisi ya Anglikana ya Morogoro, dayosisi iliyozaliwa 1965 ikiwa na Askofu Gresford Chitemo, na wagonjwa wanaifuata kutoka milimani mbali kabisa. Mzee mmoja wa kanisa kanieleza mambo ambayo nilikuwa nayasoma tu kwa T. O. Beidelman, yule Mmarekani aliyeandika kitabu kizima juu ya misheni hii. Kwamba Wakaguru hufuata ukoo wa mama, na wamisionari walihubiri nyumba ya baba. Kwamba walikataza pombe na ngoma za jando, halafu wakashangaa waumini wachache. "Walipokataza ngoma," akasema mzee, "hawakujua wamekataza shule." Mkewe akamkata: "Na nyie wanaume mlilia pombe zaidi kuliko ngoma."

Nimemuuliza juu ya vita ya kwanza ya dunia. Wajerumani waliwaweka kizuizini wamisionari wa CMS kwa kuwa Waingereza, na walimu Waafrika wakakamatwa kwa shutuma za ujasusi, wakafungwa na kuteswa. Mmojawapo anayekumbukwa ni Andrea Mwaka wa Ugogoni. Ibada ziliendelea vijijini bila mchungaji yeyote. Mzee anasema kwamba hapo ndipo kanisa lilipokuwa la kwao. Sina cha kuongeza.

Jumatatu, 4 Agosti. Mamboya

Bodaboda mpaka miguu ikafa ganzi. Milima ya Ukaguru ina hewa ambayo Kilosa wangeinunua kwa kilo. Mahindi yamevunwa, maharage yanaanikwa kwenye maturubai mbele ya nyumba.

Nilichokiona ni kidogo na sitakikuza. Mteremko, mawe, miti mikubwa, watoto wanaotoka shule, makaburi, na watu wanaojua. Hao wa mwisho ndio kivutio. Mgeni anayetaka jengo la kupiga picha abaki Bagamoyo.

Ila simama hapo ukitazama bonde. Kufikia 1880 J. T. Last wa CMS alikuwa ameweka kituo Mamboya. Hakuwa kasisi. Alikaa, akajifunza lugha, akamzika mkewe huku, na 1886 sarufi yake ya Kikaguru ikachapishwa London. Niliyaweka haya mawili pamoja nikiwa nimekaa kwenye jiwe: Novemba 1884 Peters anaandika Msowero kwamba nchi hii haina uhusiano na mtu, na juu mlimani, umbali wa mwendo wa msafara tu, alikaa mtu aliyeandika viambishi vya ngeli za lugha ya wenyeji wake. Wote wawili walikuwa Wazungu, na wote wawili walibeba karatasi. Sarufi ya Last bado inafunguliwa na wanaisimu.

James Hannington alipita Usagara 1882 akielekea Buganda, ugonjwa ukamrudisha, akarudi Uingereza 1883 akiwa hoi. Akaja tena akiwa askofu, safari hii kwa njia ya Umasaini, na Oktoba 1885 akauawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga wa Buganda. Kama angerudia njia ya huku, pengine angefika. Wabaganda walimwogopa mgeni anayeingia kwa mlango wa mashariki. John Roscoe naye, ambaye wasomi wanamjua kwa kitabu chake cha 1911 juu ya Wabaganda, alianzia Usagara. Vita vya Bushiri vya 1888 na 1889 vilipochafua njia, kituo cha Mpwapwa kikachomwa, na kwa muda huku pakawa pagumu kupitika. Baadaye kazi ya misheni ikahamia Berega, reli ikapita Kilosa, na barabara kuu ikapita Magubike. Mamboya ikabaki na hewa yake.

Kwa hiyo Waanglikana waliouawa pamoja na akina Kizito, nao habari yao ilipita hapa. Mashahidi Wakatoliki ni 22, Waanglikana 23, na moto ulikuwa mmoja. Nataka mahujaji wetu waje Mamboya hata kama altare si yetu. Najua kuna mjumbe wa halmashauri atakayenuna. Anune.

Bibi mmoja alikuwa anafagia makaburini. Nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza nani anamlipa. "Kulipa? Nilimkuta mama mkwe anafagia, akaumwa mgongo, nikashika ufagio." Anajua baadhi ya waliolala pale ni nani, wengine hajui, anafagia wote. Nilimuuliza kama binti zake wanasaidia. Wako Dar.

Jumatano, 6 Agosti

Nimerudi kwa njia ya Dumila na Morogoro. Tumepita Wami, mahali alipopata ajali Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, 12 Aprili 1984. Dereva akapunguza mwendo na wanaume wawili wakavua kofia. Hakuna aliyewaambia. Jua lilikuwa kali sana, nimelala njia nzima baada ya hapo.

Ijumaa, 8 Agosti. Mikumi

Nane Nane. Mji mtupu, nusu ya watu wako kwenye maonyesho Morogoro.

Nimesoma Sheria ya Mambo ya Kale. Ni ya 1964, mwaka uleule wa hifadhi yetu na wa Kizito kutangazwa mtakatifu. Inayalinda moja kwa moja majengo na vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Jengo la baada ya hapo halilindwi mpaka waziri alitangaze. Sasa weka tarehe zetu kando ya mwaka huo: Bagamoyo 1868, Mhonda 1877, Mamboya 1880, karatasi ya Msowero 1884, reli 1905. Hakuna hata kimoja kinachoingia. Historia yote ya Ukristo wa bara, na ya ukoloni, iko upande usiolindwa moja kwa moja. Waliotunga sheria walikuwa wakiwaza Kilwa na misikiti ya mawe ya pwani, na walikuwa na haki kuwaza hivyo. Wametuachia waziri, na waziri anahitaji barua.

Ukurasa wa Baba Paroko umekamilika. Kwanza Mamboya na Berega, wakilala huko kwa wenyeji wao wa Anglikana, maana ukiwarudisha siku hiyohiyo wataona vumbi tu. Pili Msowero, karatasi ya Peters isomwe kwa Kiswahili, kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho, na wenyeji wa pale wapewe nafasi ya kuijibu. Tatu Kilosa na Ilonga. Mhonda kama siku zinatosha. Mbuga iwe mwisho, na watakapoivuka Mkata waambiwe kwamba mpagazi aliivuka kwa miguu na frasila mbili kichwani. Sanje nimeifuta.

Yasiyoingia kwenye ukurasa nayaandika hapa, kwa yeyote wa parokia hizi atakayekuja kushika shajara hii. Daftari la kwanza la ubatizo litolewe kwenye kabati linalogusa ukuta, lipigwe picha ukurasa kwa ukurasa kwa simu yoyote ile, na nakala ipelekwe jimboni na kwa mtu mwingine anayeishi mbali na mto. Halafu serikali ya kijiji cha Mamboya na kanisa la Berega waandike barua kwa waziri anayehusika na mambo ya kale, waombe mahali pale patangazwe. Barua hiyo haihitaji askofu wala mfadhili. Inahitaji muhuri wa kijiji na stempu.